Kitafia Wapi? Mwongozo wa Kuagiza Vifaa vya Boti Mtandaoni

Majaketi okozi kumi niliyoyaagiza mtandaoni yalifika Kilwa Masoko kwa basi, yamefungwa kwenye kifurushi kimoja nilichokibeba kwa mkono mmoja hadi nyumbani. Nilipaswa kushtuka palepale. Lakini kitambaa kilikuwa chekundu cha kung'aa, kifuani pameandikwa 100N, na bei ilikuwa theluthi ya ile niliyoambiwa dukani Dar es Salaam. Boti yetu huvusha watu kwenda kisiwa cha Songo Songo, na nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza kila abiria angekuwa na jaketi lake.

Nahodha wetu, mzee aliyeanza bahari akiwa mtoto wa kufua maji kwenye mashua, aliyatazama akasema, "Mwanangu, kabla hujamvika mtu, livike chuma." Jioni tukafunga matatu kwa mawe ya mizani tuliyoazima sokoni, tukayaacha gatini usiku kucha. Asubuhi moja lilikuwa linaelea, moja limekaa katikati ya maji, na moja limelala mchangani. Nikalipasua hilo la mchangani. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji ya godoro vilivyochanganywa na povu jeupe la kufungashia televisheni. Nilikamua maji kama ninakamua dodoki. Muuzaji alijibu ujumbe wangu mara moja, kisha akanyamaza.

Siandiki haya kukukataza kuagiza. Nusu ya vitu vilivyomo kwenye boti yetu vimetoka China kwa njia hiyohiyo na vinafanya kazi mwaka wa nne sasa. Ila tangu asubuhi ile, kabla sijatazama bei, nakiuliza kila kifaa swali moja: ukifa, utafia wapi?

Mto wa kukalia ukichanika, utachanika ukiwa ufukweni au njiani, na hakuna atakayeumia. Vivyo hivyo maboya ya ubavuni ya kuzuia boti isigonge gati, turubai la kivuli, ndoano za kutundikia mizigo, taa ya ndani. Vitu hivi agiza kwa bei unayoipenda; ukipoteza, umepoteza hela. Kipo kifaa kinachokufa baharini lakini una kingine cha kukishika mkono: pampu ya maji ya ngama wakati ndoo ipo, kipima kina wakati nahodha anaijua miamba. Hapo nunua kwa tahadhari na ukipime. Halafu kipo kinachofia mkondoni, kusi ya Julai inavuma, jua linazama, na hakuna cha pili: jaketi okozi, mpira wa pampu ya kupozea mashine, bomba la mafuta, amari ya nanga, kifaa cha kuombea msaada. Kwa hivi, punguzo la bei si faida mpaka uthibitishe kwa mikono yako.

Na ujiulize pia ni nani atakayekuwepo kinapokufa. Mimi niliyebonyeza kitufe cha kununua nilikuwa sebuleni. Ambaye angelivaa lile jaketi ni mama mwenye mtoto mgongoni anayekwenda kumwona mgonjwa kisiwani, na yeye hakuulizwa lolote kuhusu bei.

Tukae kidogo kwenye majaketi, maana ndipo udanganyifu ulipo mwepesi na madhara yalipo makubwa. Udanganyifu huu ni wa zamani kuliko intaneti. Tarehe 15 Juni 1904 meli ya abiria General Slocum iliungua katika mto East River, New York, ikiwa imejaa wanawake na watoto waliokuwa wakienda matembezi ya kanisa. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Majaketi yaliyokuwemo yalikuwa yametundikwa miaka mingi hadi koki ya ndani, lile gome jepesi la vizibo, ikawa unga. Akina mama waliwavika watoto, wakawatupa majini, wakawaona wanazama. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba muuza koki mmoja alikuwa akiweka vipande vya chuma ndani ya bidhaa zake ili zifikishe uzito uliotakiwa na sheria. Baada ya koki ilikuja sufi, hii hii ya mito yetu ya kulalia, na leo ni povu la plastiki lenye vijumba vilivyozibwa visivyoingiza maji. Jicho haliwezi kukuambia ndani kuna nini. Ndiyo maana tunapima.

Kwanza elewa namba. Herufi N ni kipimo cha nguvu, na kila N 10 ni sawa na kuinua kilo moja hivi. Mwili wa mtu mzima majini ni mwepesi: nguvu ya kilo tatu hadi tano huweka kichwa chake juu maji yakiwa matulivu. Nguvu inayozidi hapo ni ya kumgeuza aliyezimia uso uelekee juu na ya kushindana na mawimbi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 kina ngazi nne: 50, 100, 150 na 275. Ngazi ya 50 ni kwa mtu anayejua kuogelea, yuko karibu na pwani na msaada uko karibu; haitamgeuza aliyezimia. Picha nyingi za majaketi ya bei chee zinaonyesha ngazi hiyo ya 50, ingawa maelezo yanasema ni ya "bahari yote". Kwa abiria usishuke chini ya 100, na kwa anayekwenda mbali na pwani tafuta 150.

Sasa jaribio lenyewe. Tafuta mawe ya mizani au chuma chochote cha kusubu. Chuma hupungua uzito kikiwa majini, kwa hiyo jaketi la mtu mzima la 100N lifunge kilo 11, na la 150N kilo 17. Usitumie mawe ya ufukweni, hasa ya matumbawe. Hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake majini na jaketi bovu litaonekana zima. Liache saa 24, si dakika kumi, kwa kuwa sponji huelea vizuri mpaka inywe. Likitoka, lipime mizani kabla halijakauka na ulinganishe na uzito wake lilipokuwa kavu. Kitambaa kitashika maji kidogo. Ukikuta limeongezeka kilo mbili au tatu, ndani kuna godoro. Kisha mvike kijana mwenye nguvu, mshike mabegani kwenye jaketi na umnyanyue. Mishono ikilia, imekwisha kujieleza.

Nembo ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, peke yake haina maana kubwa, maana mtu yeyote anaweza kuichapa. Kuna jambo moja wengi hawalijui: kwa sheria ya Ulaya namba 2016/425, vifaa vya kumkinga mtu na kuzama vimo katika kundi la hatari kubwa, na nembo yake ya CE hufuatwa na tarakimu nne za taasisi iliyosimamia ukaguzi. Mwombe muuzaji picha ya lebo iliyoshonwa ndani, siyo picha ya tangazo. Kama tarakimu nne hazipo, au herufi zimechapwa juu ya kitambaa bila lebo, au lebo haisemi uzito wa mvaaji, mshukuru na uendelee na safari.

Yale majaketi membamba yanayojijaza gesi yana mtihani wake. Mtungi wa gesi umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa umejaa. Upeleke kwa sonara aupime kwenye mizani yake. Jaketi la 150N kwa kawaida hutumia mtungi wenye gramu 33 za gesi, na ukipungua gramu kadhaa basi umevuja au haukujazwa. Jaketi lenyewe lipulize kwa mdomo mpaka likaze, liache hadi kesho yake uone kama limelegea. Na kabla ya kuagiza, jua kwamba mitungi hiyo, betri za lithiamu na fataki za dharura ni mizigo ya hatari kwa ndege. Anayekuahidi fataki kwa posta ya kawaida anadanganya shirika la usafirishaji, na aliyeanza kwa kudanganya hapo sioni kwa nini aseme kweli kuhusu tarehe ya kwisha muda iliyopigwa kwenye fataki.

Tuje kwenye mashine. Pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Mtwara, utaona Yamaha Enduro za farasi 15 na 40, na mtandaoni utakuta mashine za China zilizofuata muundo huohuo kwa bei ya chini sana. Hapa tutofautishe nakala na bandia. Nakala ina jina lake yenyewe, namba zake, kitabu chake, na mara nyingi vipuri vyake vinaingiliana na vya ile ya asili. Inaweza kukufaa ikiwa fundi wako ameshaifungua moja na anajua vipuri vitatoka wapi. Muulize fundi kwanza, kabla hujamuuliza muuzaji. Bandia ni ile iliyobandikwa jina la mwenzake. Hiyo usiiguse hata ikiwaka kwa mvuto mmoja, kwa kuwa aliyeficha jina lake hataonekana siku ya kudaiwa.

Wengi wetu lakini hatuagizi mashine nzima. Tunaagiza vipuri, na huko ndiko ninakoona watu wakiumia kimyakimya. Mpira wa pampu ya kupozea ni mdogo kama kikombe cha kahawa. Ule wa bei chee hufanana na wa asili mpaka rangi, ila mpira wake hukakamaa upesi. Mapezi yakikatika, mchirizi wa maji nyuma ya mashine unakoma, na nahodha asipogundua hilo katika dakika chache pistoni inanata. Umeokoa shilingi elfu chache, umenunua pistoni, na uko katikati ya mkondo unashika kasia. Ukiupokea, kunja pezi moja mpaka liguse mwili, ulifunge hivyo usiku kucha. Asubuhi ukilifungua linapaswa kurudi. Likibaki limepinda, tupa.

Plagi za majina makubwa zinaghushiwa sana. Iweke kando ya ile uliyoitoa kwenye mashine: nyuzi za skrubu ziwe laini, maandishi juu ya kauri yasifutike kwa kucha. Mafuta ya kuchanganya na petroli yawe na alama ya TC-W3, maana yametengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa maji. Ya pikipiki si sawa hata muuzaji akiapa. Bomba la mafuta na ile pampu ya mkono vichovye kwenye petroli siku tatu, kisha uvikunje. Nyufa ndogo zikijitokeza, hizo ndizo zitakazotonesha petroli karibu na betri.

Kuhusu chuma kisichoshika kutu, usidanganywe na sumaku. Watu hupitisha sumaku juu ya skrubu, isiponata wanasema ni safi. Chuma cha daraja la 304 na cha 316 vyote kwa kawaida havinati, na tofauti yao ndiyo bahari yenyewe: cha 316 kimetiwa molibdenamu, kinastahimili chumvi, cha 304 huota vidoa na kutoboka. Cha jikoni kimeandikwa "chuma cha pua" na kinapendeza sinkini. Kwa pingu ya kuungia mnyororo na nanga, tafuta namba ya mzigo iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, na kama haipo usiitundikie boti yako. Zile zinki za kulinda mashine na kutu nazo zina makao: za zinki ni za maji ya chumvi, za magnesi ni za maziwa. Ndugu zetu wa Mwanza na Kigoma wakiletewa za zinki, hazitawalinda. Na sisi wa pwani tukiletewa za magnesi, zitalika upesi mno.

Waya wa umeme nao una siri nzuri ya kuijua. Ukwangue kwa kisu. Waya bora wa boti ni shaba iliyopakwa bati: nje mweupe, ndani mwekundu. Waya wa udanganyifu ni kinyume chake, nje mwekundu na ndani mweupe, maana ni alumini iliyovishwa shaba. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, hupata joto, na hewa ya chumvi huila kwenye kila kiungo. Kisu cha sekunde tatu kitakuonyesha.

Namba za betri zipunguze mwenyewe. Betri za tochi zile ndefu za 18650 hazizidi sana 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900, hakuna teknolojia mpya hapo, kuna uongo. Paneli ya sola ipime kwa rula: jua kali hutoa takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba na paneli nzuri huchukua moja ya tano yake. Kwa hiyo paneli ya wati 100 inahitaji karibu nusu mita ya mraba, na yenye ukubwa wa sinia haiwezi kuwa ya 100. Wavuvi wa dagaa mnaonunua taa na paneli kwa pamoja, anzeni na rula.

Pampu ya ngama huandikwa lita ambazo ilizitoa ikiwa haiinui maji kwenda popote. Kwenye boti inainua mita moja au zaidi, na kiasi kinashuka. Iunganishe na betri, inua bomba mpaka kimo halisi cha boti yako, jaza ndoo ya lita 20 huku unatazama saa. Pampu inayotoa kweli lita 4,000 kwa saa itaijaza kwa sekunde 18. Yangu ilichukua 41. Nimeiacha ifanye kazi, lakini upo na ndoo havijashuka botini.

Kwenye mawasiliano mimi sina huruma ya bei. Redio za mkononi za rangi nyeusi zinazouzwa kwa bei ya kuku wawili nyingi hazijafungwa zisiingie maji, wala hazikuidhinishwa kwa bahari, hata kama zinaweza kutegwa kwenye chaneli 16, yaani 156.8 MHz. Kwa Tanzania redio ya chombo inahitaji pia leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Vifaa vya kuita msaada kwa setilaiti vinapaswa kutumia 406 MHz na kusajiliwa kwa jina la mwenye chombo. Bado vinauzwa vile vya 121.5 MHz peke yake, kwa maelezo yanayovutia, wakati setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Mtu anaweza kubonyeza kifaa kipya kabisa usiku wa tufani na juu mbinguni pasiwe na anayesikiliza. Hiki nunua kwa muuzaji mwenye mlango unaoweza kuugonga, au usinunue ukaamini unacho.

Sasa hela. Bei ya kwenye skrini ni mwanzo tu. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kwa viwango vya 0, 10, 25 au 35 kwa mia kulingana na bidhaa, na VAT hupigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, 18 kwa mia Tanzania Bara na 16 Kenya. Tuseme kifaa ni dola 100, usafiri 40, bima 2, na kiko kwenye kundi la 25. Dola 142 zinakuwa 177.50 baada ya ushuru na zaidi ya 209 baada ya VAT, kabla hujalipa wakala na basi. Baadhi ya zana za uvuvi husamehewa, kwa hiyo mwulize ofisa wa forodha ukiwa na jina kamili la bidhaa. Wakala wanaokusanya mizigo Guangzhou na kutoza kwa mita za ujazo hurahisisha yote haya, ila mara nyingi hubaki huna karatasi ya forodha yenye jina lako. Kwa viti si kitu. Kwa mashine, karatasi hiyo ndiyo utakayoionyesha siku ya kuikatia bima, kuiuza, au kuthibitisha kwamba haikuibwa.

Mtego mwingine uko kwenye kalenda. Masoko ya mtandaoni hushikilia pesa yako kwa muda ili uweze kulalamika, na saa ya malalamiko mara nyingi huanza mzigo unapofika kwenye ghala la wakala huko China. Wewe unaupata baada ya wiki sita kwa meli. Unafungua boksi, unaona godoro, na dirisha limefungwa tangu mwezi uliopita. Mlipe wakala afungue boksi kulekule, apige picha lebo, na aweke kifaa kimoja kwenye mizani. Uzito usiolingana na ulioandikwa unakutosha kulalamika mapema. Usikubali kuhamishwa kutoka kwenye soko kwenda WhatsApp ili ulipe moja kwa moja "kwa punguzo".

Agiza kimoja kwanza, kwa ndege. Kikifaulu, agiza vingine, halafu upime tena kutoka kwenye shehena yenyewe, ukichomoa kimoja cha chini, kimoja cha kati. Sampuli nzuri na shehena mbovu vinaweza kutoka kwa mkono uleule. Maoni ya wanunuzi yaliyoandikwa ndani ya wiki moja yanasifu boksi. Tafuta aliyerudi kuandika baada ya miezi sita, na uangalie kama picha yake ina maji ya chumvi au bwawa la hoteli. Kama kijiji chenu kina BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, iliyo hai, agizeni kwa pamoja na pimeni kwa pamoja, maana mmoja akipata gharama ya sampuli mbovu, kumi wanaokoka.

Na vilivyofeli viue kabisa. Yale majaketi yangu niliyapima yote kumi, saba yakazama. Nilitaka kuyatupa jalalani, mzee nahodha akanizuia, akachukua kisu na kukata kila mkanda, kila fundo na kila kola, kisha akamimina sponji yote kwenye gunia. Alisema jalalani kuna watoto, na sokoni kuna mnunuzi wa kila kitu, na jaketi jekundu lingeweza kuoshwa likarudi baharini kwenye boti ya mtu mwingine kabla ya mwezi kuandama.